Saa ya Ishirini na Moja

Mwanafunzi wa shahada aliyeingia Uingereza kwa viza ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati muhula ukiendelea. Wiki hiyo haifuati siku aliyoajiriwa wala siku ya malipo. Huanza Jumatatu na kwisha Jumapili, na saa za waajiri wote hujumlishwa pamoja. Aliyefanya saa 10 wiki hii na 30 wiki ijayo hawezi kujitetea kwamba wastani wake ni 20, maana sheria haijui wastani. Saa ya ishirini na moja ikishafanywa, masharti ya viza yamevunjwa, hata kama ilitumika kumsubiri mwenzake aliyechelewa zamu. Mjadala huu ni juu ya saa hiyo moja. Wengi wanaoizungumzia huuliza ni nani anayeifanya, na jibu lao hawalitafuti mbali. Mimi nauliza inazaliwa wapi. Ninachodai ni kwamba ghala la Leicester na jiko la mgahawa wa Manchester ni mahali inapoonekana tu. Mimba yake hutungwa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, siku faili la viza linapokusanywa. Kisha hulelewa na sheria ya ugenini inayomshika anayeifanya na kumwacha anayeifaidi.

Nimewaita wanne wabishane nami. Msiwatafute mtaani, kwa kuwa ni hoja tu, zile zile ambazo yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mchango wa safari ya masomo amezisikia. Nimezivika kanzu ili ziweze kusimama. Mzazi nampa nafasi ya kwanza, kwani ndiye anayeuza kiwanja.

MZAZI: Mwanangu, usitutishe. Wazee wetu walipanda ndege na koti moja. Waliosha vyombo, wakasoma, wakarudi wakawa mawaziri na maprofesa. Sisi tutalipa ada ya kwanza na nauli. Mtoto akishafika atabeba boksi kama wenzake, atajilipia kilichobaki, na Mungu akijalia atamvuta na mdogo wake.

Mzee wangu, historia hiyo naiheshimu, ila imesimuliwa nusu. Ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoihangaikia mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya ilitua New York Septemba 1959 ikiwa na vijana 81, na katika miaka michache iliyofuata waliovuka walifika mamia. Wangari Maathai alikuwa katika kundi la 1960, akapelekwa chuo cha watawa huko Atchison, Kansas. Kazi za mikono walizifanya, hilo halibishaniwi. Lakini wengi wao walikuwa wameshapata nafasi na ufadhili chuoni kabla ya kufunga sanduku. Kilichowakwamisha kilikuwa nauli, ndiyo maana taasisi ya familia ya Kennedy ilipotoa dola 100,000 mwaka 1960 zilikwenda kwenye safari yao. Kibarua kilikuja juu ya ada iliyokwisha kupatiwa mwenyewe. Marekani hiyo hiyo leo humkataza mwenye viza ya F-1 kutafuta kazi nje ya chuo mwaka wa kwanza mzima, na ndani ya chuo humpa saa 20 tu. Kwa hiyo anayemtolea mwanawe mfano wa 1959 amkumbushe pia kwamba wale hawakutegemea sinia za mgahawa kulipia darasa.

Sasa tufanye hesabu, maana ndiyo shahidi asiyehongwa. Tangu Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa 20 ni pauni 244.20 kwa wiki. Mtu asiyeugua, asiyekosa zamu na asiyepumzika hata wiki ya mtihani atapata pauni 12,698 kwa mwaka. Upande wa pili, Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo yenyewe ilipanga Novemba 2025 kwamba mwanafunzi anayeishi nje ya London anahitaji pauni 1,171 kwa mwezi ili aishi, na wa London 1,529. Zidisha ile ndogo mara 12 upate 14,052. Kabla chuo hakijadai hata senti, kijana wetu ameshapungukiwa na pauni 1,354, na hapo nimemweka mji wa bei nafuu. Tuseme ada yake ni pauni 15,000, kiasi ambacho kwa shahada ya uzamili si cha kushangaza. Ili alipe chuo na chumba kwa mshahara huo itambidi afanye saa 46 kila wiki ya mwaka, kodi ikiwa bado haijakatwa. Wala asitegemee likizo ya kiangazi. Wa shahada ya kwanza huruhusiwa kufanya kazi kutwa chuo kinapofungwa, lakini kwa mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja miezi ile ni ya kuandika tasnifu. Kwake muhula bado haujaisha, na saa ni zile zile 20.

MZAZI: Mbona mtoto wa jirani amejenga nyumba ya vyumba vinne, na alikwenda kwa viza hiyo hiyo ya masomo?

Huenda alikwenda kwa hiyo, lakini alijenga kwa nyingine. Tangu Julai 2021 aliyehitimu shahada Uingereza ameweza kuomba viza ya wahitimu na kubaki miaka miwili akifanya kazi bila kikomo cha saa. Kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 muda huo umepunguzwa kuwa miezi 18, isipokuwa wenye udaktari wa falsafa. Nyumba hujengwa hapo, baada ya kofia ya mahafali. Anayeitazama kutoka huku haoni viza imebadilika lini, anaona bati tu. Ndipo mdogo mtu anapotumwa akafanye katika mwaka wa masomo yale ambayo kaka yake aliyafanya baada ya kuhitimu.

WAKALA: Ndugu mwandishi, mimi sijawahi kumwambia mtu azidishe saa. Kazi yangu ni admisheni na viza. Hilo la fedha ni utaratibu wa makaratasi tu: hela inaingia benki, inakaa siku 28, viza ikitoka nayo inatoka. Ukisema kila mtu aonyeshe hela yake mwenyewe, umewafungia mlango watoto wa wakulima.

Hapa ndipo penyewe, ndugu wakala, na nitakaa kidogo. Sheria ya Uingereza inamtaka mwombaji aonyeshe ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki pamoja na fedha za kuishi za miezi tisa. Kwa nje ya London hizo za kuishi ni pauni 10,539. Ziwe zimelala kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na akaunti iwe ya mwanafunzi, ya mzazi, ya mlezi wa kisheria au ya mwenza wake. Kwa Kiswahili baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama. Kwa afisa wa viza hao ni majina tu kwenye muamala. Ukoo uliochanga kwa moyo mmoja unalazimika kuzihamishia fedha zake kwenye akaunti ya yule mmoja ambaye cheti cha kuzaliwa kinamtaja, na ukoo uliochanga kweli hauna kosa. Zawadi ikishatolewa ni mali ya aliyepewa. Anayekosea ni anayeweka fedha isiyo yake. Mikopo inayotambuliwa ni ile ya masomo, itolewayo na serikali au taasisi rasmi. Kausha damu wa mtaani hayumo. Ikibainika kwamba stetimenti ilipangwa ili kumdanganya afisa, viza hunyimwa, na jina la mwombaji laweza kufungiwa miaka kumi asiingie nchi hiyo. Mlango wa rufaa mbele ya hakimu haupo. Kuna kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28, tena kwa kuonyesha kwamba afisa alikosea kazi yake.

Tuseme afisa hakugundua, na viza imetoka, na keki imekatwa. Fedha inarudi kwa mwenyewe, na riba juu. Mtoto anapanda ndege akiwa na tundu la pauni 10,539 mfukoni. Chukua hizo pauni, uzigawe kwa 12.21: ni saa 863. Miezi tisa ina wiki 39. Zigawe saa hizo kwa wiki hizo, na jibu ni saa 22 kwa wiki. Ukitazama vizuri utaona kwamba hapa hakuna uvivu, tamaa wala ujana. Saa ya ishirini na moja imo ndani ya mgawanyo, na ya ishirini na mbili imeifuata nyuma. Wala sijagusa riba, wala ada ya viza iliyokuwa pauni 524 mwaka 2025, wala tozo ya afya ambayo kwa kozi ya mwaka mmoja hufika pauni 1,164, vyote vikiwa vimelipwa kabla hajauona uwanja wa ndege. Serikali ya Uingereza iliweka kiwango kile ikiwa imeuhesabu mshahara wa mwanafunzi kuwa sifuri. Familia ikauhesabu kuwa kila kitu. Mapatano ya kuvunja sheria yalitiwa saini hapo, miezi mitatu kabla ya zamu ya kwanza, na anayeyatimiza hakuwa hata ameanza kuamka alfajiri.

Wewe wakala unasema hukumwambia azidishe, na nakuamini. Hukuhitaji kumwambia. Vyuo vingi humlipa wakala asilimia ya ada ya mwaka wa kwanza mwanafunzi akishasajiliwa, na baada ya hapo hakuna kinachokudai uulize mwezi wa nne anakula nini. Kuhusu watoto wa wakulima, ada ndiyo iliyowafungia mlango, tangu siku ilipochapishwa. Ulichowafanyia wewe ni kuwapitisha dirishani usiku. Wapo wasomi waliotoka katika nyumba za nyasi wakapita mlangoni, kwa ufadhili wa Chevening, wa Jumuiya ya Madola au wa DAAD, unaolipa ada na kumpa mtu posho ya kuishi. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, hilo najua. Lakini hizo hazimwachii mtu tundu.

MWENYEJI: Basi tumekubaliana, bwana mwandishi. Kosa ni lao. Kikomo kipo ili mwanafunzi asome, na ili wafanyakazi wetu wasinyang'anywe ajira na mtu aliyesema anakuja kusoma. Mwajiri naye hatumwachi: faini imepanda tangu Februari 2024 hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi asiye na ruhusa, na 60,000 akirudia. Unataka nini zaidi?

Nakubaliana nawe kwa sehemu, mwenyeji wetu. Kikomo si dhuluma. Nchi inayotoa viza ya masomo ina haki ya kutaka masomo yawepo, na Kanada ilipotangaza mwaka 2024 kikomo chake kipya ilitaja tafiti zilizoonyesha kwamba matokeo ya mwanafunzi hushuka vibaya anapozidi saa 28 kwa wiki. Ninachobisha ni hiyo sababu ya kwanza uliyoitaja, kwa jinsi unavyoitumia. Kanada hiyo hiyo iliondoa kikomo kabisa kwa kazi za nje ya chuo kuanzia 15 Novemba 2022 hadi 30 Aprili 2024, kwa kuwa waajiri walikuwa wanalia hawana watu. Ikarudisha saa 20, halafu ilipofika 8 Novemba 2024 ikaweka 24. Australia nayo ililegeza kuanzia Januari 2022, ikafunga 30 Juni 2023, na siku iliyofuata ikaanza na saa 48 kwa wiki mbili badala ya 40 za zamani. Akili ya mwanafunzi haikubadilika katika miezi ile. Kilichobadilika ni idadi ya rafu zisizo na wa kuzipanga. Kikomo ni koki. Hufunguliwa mwenyeji akiwa na kiu na kufungwa akishashiba, na si haramu kuwa na koki nyumbani kwako. Ila usimwambie mgeni kwamba unaifunga kwa ajili ya afya yake.

Jambo kubwa zaidi ni kinachotokea sheria ikishavunjwa. Mwaka 2015 kipindi cha Four Corners cha televisheni ya ABC pamoja na magazeti ya kampuni ya Fairfax walifichua nchini Australia mambo ya maduka ya 7-Eleven, ambayo wafanyakazi wake wengi walikuwa wanafunzi wa kigeni. Mtindo mmoja ulikuwa mwepesi kueleza: mwanafunzi anafanya saa 40, kwenye vitabu zinaandikwa 20, analipwa za vitabuni. Kwa karatasi, kila kitu ni halali. Akilalamika anaambiwa: nenda kashitaki, na mimi nitawaambia uhamiaji ulifanya saa 40. Kampuni ililazimika baadaye kurejesha malipo ya zaidi ya dola milioni 150 za Australia. Tafakari namna mtego ulivyofanya kazi. Mwajiri hakuhitaji kuvunja sheria ya viza peke yake; alihitaji mwanafunzi aivunje pamoja naye mara moja. Kuanzia hapo sheria ile ile iliyowekwa kumlinda mwanafunzi ikawa fimbo mkononi mwa mwenye duka, na nusu ya mshahara ikawa bei ya kunyamaza.

Msomaji wa pwani yetu hahitaji somo hilo lifafanuliwe sana, kwa sababu jina lake tunalijua. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba walikuta ukaazi wao umefungwa kwenye jina la mwajiri, na tukajifunza neno kafala. Kule mwajiri hupewa fimbo na sheria yenyewe tangu siku ya kwanza. Uingereza haina kafala. Mwanafunzi anaweza kuacha duka hili asubuhi akaanza lingine jioni. Lakini akishafanya saa ya ishirini na moja, anayejua siri hiyo ana nguvu juu yake inayofanana kabisa na ya kafili, yaani mwajiri wa kafala. Tumepigia kelele ile ya Riyadh na Muscat, tena tulipaswa. Hii ndogo ya ghala la Midlands inapita kimya, pengine kwa vile anayeumia ana kadi ya chuo na picha ya theluji kwenye simu.

Faini ya pauni 45,000 haiivunji fimbo hiyo. Mwajiri mwaminifu ikimtisha huacha kuajiri wanafunzi kabisa, au humkatisha zamu mtu akiwa na saa 16 ili asikaribie ukingo. Asiye mwaminifu hulipa taslimu, na zamu ya taslimu haimo kwenye kitabu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Uhamiaji ya 2016 ilifanya kazi isiyoruhusiwa kuwa jinai kwa mfanyakazi mwenyewe, na mshahara wake ukaweza kutaifishwa kama mapato ya uhalifu. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepunjwa ana mambo mawili ya kuchagua: anyamaze apoteze nusu ya mshahara, au aseme ahatarishe wote pamoja na viza. Mwenye ghala anaijua hesabu hiyo kuliko mwanasheria yeyote, na ndiyo inayoifanya saa ya ishirini na moja iwe rahisi kwake kuinunua kuliko ya ishirini.

Kuna aliyeanza kujirekebisha, na ni yule yule aliyeaibika. Tangu Julai 2023 sheria ya Australia inasema kwamba kuvunja masharti ya viza hakumwondolei mfanyakazi haki yake ya mshahara. Tangu Julai 2024 imekuwa jinai kwa mwajiri kumshinikiza mtu kwa kutumia hali yake ya uhamiaji. Aliyenyonywa akijitokeza kulalamika kwa ushahidi, na kuahidi kufuata masharti kuanzia hapo, anaweza kulindwa viza yake isifutwe, na ipo hata viza ya muda ya kumwezesha kubaki afuatilie haki yake. Ukuta umeanza kujengwa kati ya dawati la mkaguzi wa kazi na dawati la uhamiaji.

MWENYEJI: Ukuta huo ni mwaliko. Kila mtu atafanya saa 60, na siku akikamatwa atasema amenyonywa.

Ingekuwa hivyo kama kinga ingetolewa kwa kuvunja saa. Inatolewa kwa kulalamika juu ya dhuluma inayoweza kuthibitishwa, na huja na ahadi ya kuacha. Anayefanya saa 60 kwa malipo kamili na mkataba safi hana cha kulalamikia, na kwake sheria inabaki na makali yake yote. Tena angalia upande wa mnunuzi. Zamu ya siri inatafutwa kwa kuwa ni nafuu. Ikiwa mwenye ghala anajua kwamba kila saa aliyoipunja inaweza kumrudia mahakamani ikidaiwa na mtu asiyeogopa kufukuzwa nchini, unafuu unatoweka, na hamu ya kununua inatoweka nao. Wewe unataka saa zipungue. Ukuta huo unazipunguza kwa kumfuata anayezilipia.

MWANAFUNZI: Kaka, mnazungumza kama vile dunia ni Uingereza. Rafiki zangu wako Ujerumani, wanafanya kazi vizuri tu, hakuna anayehesabu wiki.

Wanahesabiwa siku. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni Ujerumani ana siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Zamani zilikuwa 120 na 240. Anaweza kupumzika mwezi wa mitihani na kufidia baadaye, jambo ambalo Jumatatu ya Uingereza hairuhusu. Lakini kilichoufanya mwaka wao uwe mwepesi nadhani kiko kwenye faili la viza. Ujerumani humtaka mwombaji, asipokuwa na ufadhili au mdhamini rasmi, aweke euro 11,904 kwenye akaunti ya zuio, Sperrkonto, na akishafika huruhusiwa kuchota euro 992 kila mwezi. Fedha ya kuazima haiwezi kurudi kwa mwenyewe, kwa kuwa imefungwa, na funguo hutolewa kidogo kidogo kwa mwanafunzi peke yake. Stetimenti ya siku 28 ni picha iliyopigwa ghala likiwa limejaa. Akaunti ya zuio ni ghala lenyewe. Ongeza kwamba vyuo vingi vya umma huko havitozi ada, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg linalowadai wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Sharti linaonekana katili siku ya kuomba, na wakala wetu hapa atasema tena habari ya watoto wa wakulima. Hata hivyo ukatili wake hukutana nao ukiwa bado kwenu, ambako unaweza kuahirisha mwaka, kubadili chuo, au kuuacha mpango na kiwanja kikabaki. Ule wa siku 28 hukutana nao Januari, giza la saa kumi jioni, kodi ya chumba ikiwa imechelewa. Kama mwenyeji wa Uingereza anataka kweli kuikomesha saa ya ishirini na moja, aanzie hapo kabla ya kuongeza askari kwenye maghala.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Mrundi anayesoma Dar es Salaam kwa kibali cha ukaazi daraja C, au Mkongo anayesoma Nairobi kwa pasi ya mwanafunzi, hakupewa ruhusa ya ajira hata ya saa moja. Kikomo chetu ni sifuri, na sijasikia bunge lolote la ukanda huu likilijadili hilo kwa uchungu.

MWANAFUNZI: Haya yote ni ya kabla ya safari. Mimi nimeshafika. Fedha ilisharudishwa. Nikikodi akaunti ya mtu ya kusambaza chakula kwa baiskeli, hakuna msimamizi wala kitabu cha zamu. Nani atajua?

Hapo unaruka majivu na kukanyaga moto, mdogo wangu. Kusambaza chakula kwa namna hiyo huhesabiwa kuwa ni kujiajiri, na viza yako inakataza kujiajiri kabisa. Huko saa ya kwanza yenyewe ndiyo ya ishirini na moja, na mwenye akaunti amekuwa kafili wako kwa kukukodisha jina tu. Anza na kituo cha ushauri cha umoja wa wanafunzi, ambacho mara nyingi hujitegemea na chuo, kabla hujampigia wakala aliyekupeleka. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa Uingereza, na yeye hakusajiliwa huko. Uliza kama chuo kina mfuko wa wenye dhiki na kama ada inaweza kulipwa kwa mafungu. Vyuo vingi huwa navyo na havitangazi sana. Tunza kila karatasi ya mshahara, na andika saa zako mwenyewe kwenye daftari, zile za vitabuni na zile zisizokuwemo. Kisha wapigie wazazi uwaambie kiasi kamili kinachokosekana, kwa pauni na kwa shilingi, kwa kuwa wao bado wanadhani kazi inalipa.

MWANAFUNZI: Na Jumapili hii? Msimamizi ameshanitumia ujumbe, mtu mmoja ameugua, anataka niingie saa sita mchana nitoke saa mbili usiku. Nina saa 17 tangu Jumatatu.

Una saa tatu. Mwambie unaweza kuingia saa sita, na saa tisa alasiri utavua fulana ya kazi.